Jikoni kwa Mwashi

Desemba ilipoanza, Mwashi aliacha kula. Hakukataa kwa ukali. Kila alipowekewa sahani aliitazama, akainua mkono kama mtu asiyetaka kumsumbua mwenyeji, akasema, "Asante, mama. Nitakula nikifika nyumbani." Kisha alikaza fundo la kifurushi chake cha khanga, akakipakata, akageuka kutazama barabara.

Barabara ile ya Kwala hupita malori ya makontena mchana kutwa. Kila lori lililopunguza mwendo, Mwashi alijaribu kusimama akidhani ni basi la Maswa.

Loyce, binti yake, ndiye aliyekwenda kumchukua Maswa mwaka uliotangulia, majirani walipompigia simu kwamba bibi anakutwa njiani haijui nyumba yake. Loyce na mumewe Silas walikuwa wamehamia Kwala siku nyingi na ng'ombe wao, wana mji wao, wana nafasi. Mwanzoni Mwashi alisahau majina tu. Baadaye akasahau kwamba mumewe alikwisha kufa. Wakimwambia analia upya kama ndiyo kwanza anapata msiba, hata wakaacha kumwambia. Mvua za vuli ziliponyesha alikuwa amesahau kwamba Loyce ni mwanawe. Akawa anamwita mama, au dada, au wewe msichana, kwa adabu ya mtu aliye ugenini.

Hayo yote Loyce aliyavumilia. Kutokula ndiko kulikomshinda. Alipika uji wa ulezi kwa maziwa. Aliagiza matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka kwao, yakaja kwa basi, akayachemsha na karanga kama mama mwenyewe alivyomfundisha. Alijaribu kumlisha kwa kijiko, Mwashi akafumba mdomo, machozi yakamtoka. Kwenye kituo cha afya walimtundikia dripu, daktari akamwita Loyce pembeni. Akasema mwilini haoni ugonjwa mkubwa, ila akili inaondoka, na bibi ataondoka nayo asipokula. "Mfanyeni ale," alisema. "Kwa njia yoyote mnayoijua." Loyce alirudi nyumbani akijiuliza ni njia gani hiyo anayoijua.

Kaka yake Mahona, aliyekuwa na duka la vipuri vya pikipiki Kibaha mjini, alisikiliza habari hizo kwenye simu hadi mwisho.

"Loyce, tumwache mama," alisema. "Amechoka."

"Amechoka kula?"

"Amechoka."

Loyce alikata simu bila kuaga.

Asubuhi moja alipokuwa akimwogesha, akaona jinsi mifupa ya mabega ilivyochomoza, akawa anapitisha sabuni polepole kama anayeogopa kuivunja. Mwashi alikuwa akizungumza peke yake. "Krismasi hiyo inakuja na jiko langu chafu. Nani ananipakia chokaa? Sahani zangu nani anazifuta?"

Mkono wa Loyce ukasimama.

Alilikumbuka jiko hilo. Mwashi alikuwa mpishi wa misheni kabla hajaolewa, na wenye misheni walipoondoka walimwachia vyombo: sahani za bati zenye ua jekundu katikati, mabakuli yenye ukingo wa kijani, chupa ya chai iliyochorwa maua, taa ya chemli. Mwaka mzima vyombo hivyo vilikaa sandukuni. Krismasi ikikaribia Mwashi aliparua masizi jikoni kwake, akapaka chokaa, akachora maua kwa bluu ya kufulia, akaweka pazia la maua mekundu, halafu akatundika sahani zile ukutani kwa misumari hadi jiko likawa kama kanisa. Kwenye kamba alitunga pamba mbichi ya shambani, akaizungusha darini. Watoto wa kijiji kizima walikuja kuchungulia. Loyce mwenyewe alikuwa akilala na hamu ya kuamkia mle ndani.

Sasa vyombo havikuwepo. Baba alipokufa na mama akaanza kupotea njia, Mahona aliuza kiwanja, na vilivyokuwemo vikagawanywa ovyo. Nyumba yenyewe ilivunjwa. Nyumbani alikotaka kufika Mwashi ndipo ale, hakuna basi liendalo.

"Basi nitampelekea nyumbani hapa hapa," Loyce alimwambia Silas.

Silas alimwangalia mkewe, macho mekundu kwa kukosa usingizi, nywele hazijasukwa tangu Novemba. Hakubisha. "Mimi nitakaa naye," alisema. "Wewe nenda."

Alianzia soko la Mlandizi. Kwenye mitumba ya mapazia alimkuta Rahma, mama mmoja mcheshi aliyezoea kumuuzia mashuka, akachambua robota lote mpaka akapata pazia la kizamani lenye maua mekundu, limepauka kidogo, sawasawa na alilolitaka. Vyombo ndivyo vilivyomtoa jasho. Siku hizi kila mtu ana plastiki. Alizunguka kwa wauza vyombo wakamcheka: sahani za bati za maua, mama, tangu lini? Akaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, akainama kwenye malundo ya masufuria yaliyopondwa, akaokota chemli isiyo na kioo na sahani moja iliyobanduka rangi nusu. Alirudi siku ya pili, na ya tatu, akapata bakuli lililotoboka. Nyumbani Mwashi alikuwa akinywa maji tu, tena kwa kubembelezwa.

Siku aliyorudi kwa Rahma, miguu imejaa tope hadi magotini, alikaa juu ya robota bila kukaribishwa akaanza kulia. Rahma akafunga biashara kwa muda, akamsikiliza.

"Bibi yangu wa Masaki ana kabati limejaa vitu hivyo," alisema Rahma. "Masaki ya Kisarawe, siyo ile ya wazungu. Lakini sikufichi, dada Loyce, hataki mtu avishike. Sisi wenyewe wajukuu hatuvigusi."

"Anaitwa nani?"

"Bibi Mwanakheri. Utamkuta na mihogo yake."

Loyce alipanda bodaboda kesho yake. Njia ilikuwa imeharibiwa na mvua, wakateremka mara nyingi kuisukuma pikipiki, wakapishana na wauza mkaa waliopakia magunia hadi hawaonekani. Masaki alimkuta bibi kizee mwembamba amekaa barazani, anamenya mihogo ya kuanika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Rahma kanipigia simu. Kama umekuja kununua, umepoteza nauli yako. Vile nilinunua kimoja kimoja kwa korosho nilizookota mwenyewe. Siuzi."

Loyce alikuwa amepanga maneno mazuri njiani. Yote yakampotea. "Mama yangu hali," akasema. "Anasema atakula kwake. Kwake hakupo tena."

Mwanakheri aliendelea kumenya. Baadaye akauliza, bila kuinua uso, "Maji anakunywa?"

"Kidogo."

"Anakujua?"

"Hanijui."

Kisu kikatulia. "Marehemu mume wangu alikuwa hivyo hivyo," alisema Mwanakheri. "Akinikuta chumbani anauliza huyu mwanamke kaingiaje. Mimi nikawa nabishana naye. Mimi mkeo, tazama pete, tazama picha. Kila siku nabishana, nataka anijue kwa nguvu. Kafa ananiita mwizi." Akatupa muhogo kwenye beseni. "Ninachokuambia, usiende na tumaini la kujulikana. Tumaini ale. Hilo lingine litakuua wewe kabla yake."

Loyce aliitikia kwa kichwa, ingawa moyoni aliona hayo ni ya mume na mke. Mtoto husahaulikaje? Mama akiliona jiko lake atamwona na mwanawe ndani yake. Hivyo ndivyo alivyokuwa akijiambia usiku wote.

Mwanakheri aliingia ndani, akafungua kabati kwa ufunguo uliokuwa kiunoni mwake. Vilikuwemo kweli: sahani za maua mekundu, mabakuli ya ukingo wa kijani, hata chupa ya chai ya maua. Akavifunga vyombo kwenye khanga zake moja moja. "Si kwamba nakupa," alisema. "Nakuazima. Ukimaliza shughuli yako nirudishie." Loyce alipomweleza habari ya pamba akaingia tena ndani, akatoka na mto wa zamani, akaupasua mshono. Ulikuwa wa sufi. "Pamba huku hatulimi. Jaribu hii."

Jiko la Loyce lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, jeusi kwa masizi. Aliliparua mpaka kucha zikavunjika. Akapaka chokaa, ikamchoma viganja hadi vikatoka malengelenge, akaendelea. Akakoroga bluu ya kufulia, akachora maua kwa kidole kama alivyokumbuka, akayafuta, akayachora tena. Mwashi alikuwa amekaa mlangoni mwa nyumba kubwa na kifurushi chake, amepungua mpaka khanga ilikuwa inamzunguka mara mbili. Kila Loyce alipopita na ndoo alimwambia, "Pole na kazi, mama."

Mchana wa kuamkia Krismasi Mahona akafika na pikipiki. Alimkuta dada yake amesimama juu ya stuli, misumari mdomoni, anatundika sahani. Akaegemea mlango.

"Unampambia nani?"

Loyce alitema misumari mkononi. "Mama."

"Mama anakufa, Loyce. Nimempita hapo, hata hakunisalimia. Watu wanakusanyika kuomba, wewe unatundika sahani za mtu."

"Kuomba wameomba. Dripu wameweka. Wewe umesema tumwache. Mimi nina hili tu, Mahona, sina jingine. Shika nyundo, au rudi mjini kwako."

Mahona alisimama palepale. Malori mawili yalipita barabarani. Kisha akavua koti, akachukua nyundo.

Alipigilia msumari mmoja, akarudi nyuma, akatazama ukuta. "Umekosea," alisema, sauti imebadilika. "Ile sahani kubwa ilikuwa katikati, juu ya mafiga. Chemli ilikaa kushoto. Na pazia halikuwa la dirisha, lilikuwa la kufunika rafu."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye niliyekuwa namshikia stuli."

Wakafanya kazi pamoja mpaka jua likashuka. Mahona alikata matawi ya mvinje akayafunga kwenye mlango. Loyce alitunga mafungu ya sufi kwenye uzi, yakawa yanapeperuka kwa pumzi ya mtu tu. Walipomaliza walikaa chini kwenye sakafu iliyosiribwa upya, wakatazama juu. Kwa dakika chache wakawa watoto wa Mwashi wa zamani. Mahona alijifuta uso kwa kiganja akatoka nje.

Krismasi asubuhi Loyce hakwenda kanisani. Alipika wali na kuku, akachemsha maziwa, akamvisha mama gauni safi, akamshika mkono. Silas alitangulia kumwondolea mawe njiani. Mahona alifuata nyuma, tayari kumdaka.

Mlangoni Mwashi akasimama. Akanusa chokaa. Akainua macho kwenye sahani, moja baada ya nyingine. Aliweka kifurushi chini. Hakuna aliyekuwa amemwona akikiweka chini tangu aje Kwala. Akaingia mwenyewe bila kushikwa, akagusa ukuta, akagusa bakuli, akasogeza sufi iliyokuwa imening'inia karibu na uso wake.

"Eh," alisema taratibu. "Wamenisafishia."

Akakaa kwenye kigoda, akavuta ungo wa mchele uliokuwa pembeni, akaanza kuchagua vijiwe kwa vidole vyepesi, kana kwamba aliuacha jana. Silas alimtazama mkewe akatabasamu. Loyce akapakua haraka, akapiga magoti mbele ya mama yake na sahani ya maua mekundu.

"Mama, chakula tayari. Sasa upo kwako. Kula."

Mwashi aliitazama sahani, akaikubali kwa mikono miwili. Kisha akaiweka juu ya ungo. "Tumsubiri Loyce," alisema. "Nimemtuma kisimani, hajarudi. Mtoto hajala, nitaanzaje mimi?"

"Mama, Loyce ni mimi."

Mwashi akacheka kwa upole. "Wewe ni mtu mzima. Wangu mdogo, hivi." Akapima kwa kiganja juu ya sakafu.

"Ni mimi, mama. Nitazame. Nitazame vizuri." Loyce alimshika mabega. "Nilikua. Ukanilea, nikaolewa, nikahamia huku. Huyu Mahona, yule Silas mkwe wako. Mimi ndiye Loyce, hakuna mwingine."

Tabasamu likamtoka Mwashi. Akatazama uso ule uliomkaribia, akatazama mikono iliyomshika, na hofu ikamwingia. "Mmemfanya nini mwanangu?" aliuliza. Akajaribu kuinuka. Sahani ikaanguka, wali ukamwagika. "Niacheni nikamtafute. Kisima kirefu kile. Niacheni."

Loyce hakumwachia. Baadaye alijiuliza kwa nini hakumwachia. Alimng'ang'ania, huku akirudia jina lake mwenyewe mara nyingi, na mama yake akalia kama mtu anayeibiwa, mpaka Mahona alipokuja akambandua vidole kimoja kimoja. "Mwache," alisema Mahona. "Loyce, mwache. Unamuumiza."

Alitoka akaenda nyuma ya jiko, akaegemea ukuta ambao upande huo ulikuwa bado mweusi. Kupitia udongo alimsikia mama yake akilia ndani, anamwita Loyce. Aliitwa na hakuweza kuitika. Akatamani kuingia abomoe kila kitu, sahani, maua, matawi, avitie moto, akalale. Alipiga kichwa chake ukutani, si kwa nguvu, mara chache. Kazi yote ile, na alichokipata ni kumpa mama yake hofu mpya: mtoto aliyezama kisimani.

Silas alimfuata, akamkuta amechuchumaa. Akamwekea mkono mgongoni. "Anauliza kama kuna mtu aliyetoka kisimani," alisema. "Anasema angalau angepata mtu wa kumpa habari."

Loyce aliinua kichwa.

Akakaa hivyo, anafikiri. Kisha akasimama, akanawa uso kwenye pipa la maji ya mvua. Alivua kitenge alichovaa akakibadili na kingine kilichoanikwa kwenye kamba, akajitwika ndoo ya maji nusu, akazunguka jiko hadi mlangoni.

"Hodi humu ndani."

Mwashi alifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Karibu."

"Shikamoo, mama. Mimi jirani yako. Natoka kisimani."

Mwashi akasimama nusu. "Mwanangu umemwona?"

Loyce aliona bado angeweza kusema ni mimi, mara moja ya mwisho, pengine safari hii. Akatua ndoo.

"Nimemwona," alisema. "Yuko kule na wenzake, hajambo. Foleni ni ndefu. Amenituma nikuambie ule, usimsubiri. Amesema nikikukuta hujala atanikasirikia mimi."

Mwashi alimtazama, akatafakari habari hiyo. Halafu mabega yakamshuka, akakaa. "Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Mkaidi yule," alisema Mwashi, na kicheko kidogo kikamtoka ndani ya machozi. "Ananiamrisha mimi mama yake."

Loyce alipakua upya kwenye bakuli la ukingo wa kijani, wali laini na maziwa. Mwashi alinawa, akamega kidogo, akatia mdomoni, akatafuna. Akameza. Mlangoni Mahona alikuwa ameshika fremu kwa mikono miwili. Mwashi akamega tena.

"Na yule mwanamume?" aliuliza.

"Fundi," Loyce alijibu. "Alikuja kupigilia misumari."

"Basi mpe naye ale. Fundi hafukuzwi na njaa Krismasi."

Mahona akaingia, akakaa sakafuni, akapewa sahani, akala huku ameinamisha uso.

Mwashi alikula taratibu, akipumzika katikati, na alipoanza kupata nguvu akapata na mazungumzo. Alimsogelea jirani yake. "Huyu mtoto wangu," alisema kwa sauti ya chini, "alizaliwa mwaka wa njaa. Maziwa sikuwa nayo. Nilimnywesha maji ya mchele, watu wakaniambia usimpe jina, anakwenda huyu. Nikampa. Mpaka leo nikimwona anakula, mimi ndiye ninayeshiba." Akainua kidole. "Usimwambie. Atadeka."

Loyce hakuwa amewahi kuyasikia hayo maishani mwake. Mama yake alikuwa mkali, mwenye kuchapa, mwenye kuamsha watu alfajiri.

"Simwambii," alisema.

Tangu siku hiyo Loyce akawa jirani. Kila mchana alizunguka nyuma ya jiko, akapiga hodi, akatoa habari za Loyce: yuko shule, yuko kwa shangazi, anasalimia. Siku nyingine Mwashi alikula bakuli zima. Siku nyingine vijiko viwili, na siku nyingine habari hazikumridhisha, akakataa, na Loyce akaenda kulia kule kule nyuma. Krismasi ilipita, mwaka mpya ukapita, mapambo hayakuteremshwa. Kabla ya Ramadhani Mwanakheri alikuja mwenyewe kutoka Masaki kuchukua vyombo vyake. Alikaa jikoni akamtazama Mwashi akila kutoka kwenye bakuli lake, akauliza kama maji sasa anakunywa, akaondoka mikono mitupu.

Hakuna siku ambayo Mwashi alimtambua mwanawe. Loyce aliisubiri, ingawa alionywa, na haikuja.

Mvua za masika zilipoanza Mwashi alidhoofika tena, na safari hii haikuwa kwa kukataa. Mchana mmoja jirani alipopiga hodi alimkuta amelala kwenye mkeka karibu na mafiga.

"Leo sitaweza, jirani," alisema. "Nimeshiba. Ila yule mtoto akirudi akanikosa, asikae na njaa. Umpe chakula."

"Nitampa, mama."

Alikufa wiki hiyo hiyo, wakamzika Kwala, nyuma ya zizi. Watu walikaa matanga, wakaimba, wakaondoka. Wanawake walimletea Loyce sahani za chakula akazirudisha zilivyokuja. Matanga yalipokwisha Mahona aliingia jikoni kuanza kuteremsha vyombo vya Mwanakheri, khanga zimekunjwa begani, anauliza kipi kilifungwa kwa khanga ipi.

"Subiri kidogo," Loyce alimwambia.

Alitwaa sahani moja kutoka ukutani, akaifuta vumbi, akafunua chungu, akapakua. Kisha akakaa kwenye kigoda akala, tonge kwa tonge, mpaka akamaliza, na kaka yake akamsubiri.